Mji wa Kulala Tu

Ratiba ya safari ni fasihi. Najua hakuna atakayeipa tuzo na hakuna profesa atakayeifundisha, lakini ina kila kitu: msimulizi anayejua yote, wakati unaokwenda mbele bila kugeuka, wahusika wakuu (wewe na simu yako), na wahusika wadogo wanaopita kule nyuma wakibeba mizigo. Wengi wetu husoma ratiba nyingi kuliko riwaya. Basi tuzisome kwa jicho lile lile.

Majuzi nimesoma mbili kwa mpigo, zote za rafiki yangu mmoja wa Nairobi. Ya kwanza ni ya siku nne Siem Reap, mji wa Kambodia ulio karibu na mahekalu ya Angkor. Yeye na wenzake wawili wamekuwa wakichanga pesa tangu mwaka jana, na hawajawahi kukanyaga Asia. Ya pili ni ya wikendi moja huku kwetu, Kisii na Nyamira, kama mazoezi kabla ya mechi yenyewe. Akanitumia zote na ujumbe mfupi: cheki kama ziko sawa.

Ziko sawa. Nauli iko sawa, masaa yako sawa. Tiketi ya Angkor ni dola 37 kwa siku moja, 62 kwa siku tatu, 72 kwa siku saba, hapo hakukosea. Kinachonisumbua ni kwamba hizi si ratiba mbili. Ni moja. Kule unaamka saa kumi usiku kuona jua likichomoza Angkor Wat. Huku unapanda Manga kuona jua likitua upande wa ziwa. Kule mawe ya kale, huku mawe ya kale. Kule sokoni kununua zawadi, huku Tabaka kununua zawadi. Kule samaki wa amok, huku matoke. Na katika zote mbili, neno kwa neno: wenyeji ni wakarimu. Halafu mstari wa mwisho wa kila siku: rudi mjini, lala.

Mji wa kulala tu. Hivyo ndivyo Siem Reap inavyosomeka, na hivyo ndivyo Kisii inavyosomeka pia. Lakini angalia majina. Siem Reap kwa kawaida hutafsiriwa kama mahali Wasiamu waliposhindwa. Mji wa Kisii wazee wetu huuita Bosongo, yaani kwa Wazungu, na kabla ya hapo palikuwa Getembe. Miji yote miwili imebeba mgeni ndani ya jina lake, mmoja kwa kumshinda, mwingine kwa kumpisha. Si kwamba Bosongo ilimpisha bila vita: Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, afisa wa Kiingereza, na adhabu iliyofuata ilichoma vijiji. Husimuliwa pia kwamba nabii Sakagwa, kabla Mzungu hajafika, alizunguka Getembe akionyesha mahali ambapo majengo ya wageni yangesimama. Ukiniuliza mimi, huyo ndiye mwandishi wa kwanza wa mwongozo wa mji wa Kisii. Aliuandika kabla mji wenyewe haujakuwepo, na aliwaandikia watu waliokuwa wakiishi pale.

Sasa, sauti hii ya ratiba ilitoka wapi? Kwa upande wa Angkor, baba yake mmoja anajulikana. Henri Mouhot, Mfaransa mpenda wadudu na mimea, alifika huko Januari 1860 na kukaa majuma matatu hivi. Alikufa Laos mwaka uliofuata, na shajara yake ikachapishwa Paris mwaka 1863. Mouhot anaandika vizuri, sitamnyima hilo. Lakini angalia mbinu yake. Akiyaona mawe, anawataja Wagiriki, Warumi na Michelangelo. Akiwauliza wenyeji ni nani aliyejenga, anatuletea majibu ya kuchekesha: majitu, mfalme wa malaika, pengine yamejijenga yenyewe. Msomaji wa Paris anamaliza ukurasa akiamini kwamba watu waliojenga wametoweka, na waliobaki hawajui wanachokanyaga. Na wakati huo huo watawa wa Kibudha walikuwa wakiishi pale pale Angkor Wat na kusali. Hekalu halikuwa limepotea. Mouhot mwenyewe hakusema amelivumbua. Wasomaji wake ndio waliomvisha kofia hiyo, kwa sababu maandishi yake yalikuwa yamewaachia nafasi.

Hapo ndipo ile sentensi ya wenyeji ni wakarimu ilipozaliwa. Ina maana kwamba wapo, wanatabasamu, na hawana la kusema.

Lakini Angkor ina mwandishi mwingine, na kama rafiki yangu ana nafasi ya kitabu kimoja kwenye begi, namwomba abebe huyu. Zhou Daguan alikuja na ujumbe wa mfalme wa Uchina mwezi wa nane mwaka 1296, akaondoka mwaka uliofuata. Alikaa karibu mwaka mzima, na kilichobaki cha kitabu chake ni kifupi. Unaweza kukimaliza kabla ya chai kupoa. Anaanza na kuta na minara kama kila mgeni. Halafu anatoka nje ya ukuta. Anaeleza watu wanavyooga, wanavyopika, wanavyozaa, wanavyoshitakiana. Anasema wanaofanya biashara ni wanawake, kwamba soko huanza asubuhi na kwisha mchana, kwamba hawana maduka bali hutandika mkeka chini, kila mtu na mahali pake, na kwamba afisa hupita kukusanya kodi ya nafasi hiyo.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Nenda Daraja Mbili, soko letu la Kisii, siku ya soko. Mama ametandaza gunia, juu yake chinsaga, risosa na ndizi mbivu, kila mtu na mahali pake, na karani wa kaunti anapita na risiti za ushuru. Zaidi ya miaka 700 na bahari nzima katikati, na bado ningeweza kumwelekeza Zhou Daguan akae wapi.

Zhou si malaika. Anapowazungumzia watumwa waliotekwa milimani, anawadharau bila aibu, na msomaji wa leo lazima asimame hapo aseme hapana. Lakini hata dharau yake inatuachia ushahidi kwamba watu hao walikuwepo na walifanyishwa kazi. Mouhot anakupa uzuri na kukunyang'anya watu. Zhou anakukasirisha, lakini watu anakuachia.

Na mahekalu yenyewe yako upande wa Zhou. Ratiba ya rafiki yangu, siku ya pili, inasema: Ta Prohm, ule mti wa kwenye filamu. Anamaanisha filamu ya Angelina Jolie ya mwaka 2001, na kweli mizizi ile juu ya mawe ni picha kali. Lakini Ta Prohm ina maandishi yake yenyewe, jiwe lililochongwa mwaka 1186 wakati wa Jayavarman wa Saba. Jiwe lile linahesabu. Zaidi ya watu 12,500 waliishi humo, wakiwemo makuhani wakuu 18 na wachezaji ngoma 615, na vijiji 3,140 vililihudumia hekalu. Waliojenga walijua kwamba ukitaja hekalu bila kutaja anayelilisha, hujataja kitu. Sisi ndio tuliofuta hesabu tukabaki na mti.

Utasema: sawa, lakini hii ni safari ya kupumzika, si mtihani wa historia. Wasee wamechanga pesa zao, waache wapige picha. Naelewa, na picha wapige. Ila kufuta watu kwenye maandishi hakuishii kwenye maandishi. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kambodia imekuwa ikihamisha familia zipatazo 10,000 kutoka eneo la Angkor, wengi wakipelekwa Run Ta Ek. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Novemba 2023 Amnesty International ilitoa ripoti ikisema wengi walitishwa na kulazimishwa, na kwamba maafisa walitumia jina la UNESCO kama sababu. UNESCO nayo ikasema haikuagiza mtu yeyote ahamishwe. Waliotakiwa kuondoka ni pamoja na watu waliokuwa wakiuza vitu kwa watalii na kulima kandokando ya mahekalu. Ukiwa na picha kichwani ya hekalu lisilo na mtu, mtu akionekana kwenye picha anakuwa uchafu. Mimi sisemi rafiki yangu amemfukuza yeyote. Nasema ratiba yake ingesomeka vile vile, bila herufi moja kubadilika, kama wote wangeondolewa kesho.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu huku ndiko mtihani wangu ulipo. Ratiba ya Kisii inaweka Thimlich Ohinga chini ya kichwa "Mambo ya Kisii." Thimlich Ohinga iko Kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, na jina lenyewe ni la Kijaluo. Ni kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zingine zikipita urefu wa mtu mara mbili, inaaminika tangu karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Rafiki yangu amezihamisha kaunti nzima kwa kichwa kimoja cha habari. Kwa Thimlich inachekesha, kwa Run Ta Ek haichekeshi, lakini kalamu ni ile ile.

Halafu Tabaka: zawadi, jadiliana bei. Basi. Mawe ya sabuni ya Tabaka umeshayaona hata kama hujafika: vifaru, bakuli, chesi, kwenye maduka ya Nairobi na uwanja wa ndege, yakiitwa tu jiwe la Kisii. Mtu ameshuka shimoni kulichimba, mwingine amechonga, mwingine, mara nyingi mama, amekaa na beseni la maji na msasa akilisugua mpaka likang'aa. Hakuna jina chini ya bakuli. Angkor tunasamehe kwamba wachongaji hawana majina, wamekufa karne nane. Wa Tabaka wako hai na wana simu. Na mmoja wao, Elkana Ong'esa, ana sanamu ya ndege wa amani kwenye makao makuu ya UNESCO kule Paris: enyamuchera, ndege ambaye kwetu huleta bahati njema. Shirika linaloamua ni mawe gani ni urithi wa dunia lina jiwe la Tabaka kwake. Ratiba inayosema jadiliana bei haijui hilo, na ndiyo maana inaweza kusema jadiliana bei kirahisi hivyo.

Mstari wa mwisho ndio ulionifanya niandike makala hii. Chini kabisa, na katuni ya kucheka: usiku tusitoke, wachawi wa Kisii. Kila Mkisii ameusikia utani huu kazini, chuoni, kwenye matatu. Mwezi wa kumi mwaka 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu wakiitwa wachawi. Ndiyo wenyeji wakarimu wale wale. Utani ule unachekesha tu kwa mtu ambaye kwake Kisii haina akina nyanya, ina mandhari. Sitaki auondoe kwa adabu. Nataka auondoe kwa sababu ni maandishi mabaya: unamtaja mwuaji kama kivutio na kumsahau aliyekufa.

Kwa hivyo nilimrudishia ratiba zote mbili zikiwa na masahihisho matatu, na ninayaweka hapa kwa yeyote anayepanga safari ya kwanza mahali palipo na mawe maarufu.

La kwanza, usiufanye mji kuwa kitanda. Toa nusu siku ya hekalu uipe mji. Siem Reap asubuhi, sokoni, kabla jua halijakuwa kali, kama Zhou alivyosema. Kisii, Daraja Mbili. Ukifika Nyamira, simama karibu na kiwanda cha chai, Kebirigo au Sanganyi, uone majani yakishushwa kutoka mashambani. Chai uliyokunywa asubuhi Nairobi ina uwezekano mkubwa wa kuwa na ndugu pale.

La pili, kila mahali unapoandika jina la jiwe, andika pembeni nani anakula kutokana nalo. Kama hujui, hilo ndilo swali lako la kwanza ukishuka kwenye gari. Tabaka usiulize bei kabla hujauliza nani amechonga. Akikuambia, mwombe aandike jina lake chini ya bakuli kwa kalamu, kisha ulipe.

La tatu, futa wenyeji ni wakarimu. Kwa Kambodia na kwa Kisii. Watu hawakuwekwa hapo wakupokee vizuri. Wengine watakukaribisha, wengine watakuuzia kwa bei ya mgeni, mmoja atakuambia usimpige picha. Andika walichofanya.

Amenijibu kwamba ratiba sasa imekuwa ndefu mno, haiingii kwenye kurasa mbili. Nikamwambia atoe mahekalu mawili. Angkor ina mengi, hayatamlaumu.