Askari wa Hatua ya Tano

Usiku, nyumba ikishatulia, hutandika ubao wa sataranji na kuurudia mchezo mmoja wa Gioachino Greco, Mwitalia wa Calabria aliyeandika michezo yake kwa mkono mnamo miaka ya 1620. Nimekwisha kuuhifadhi. Hata hivyo, nikifika hatua ya saba, mkono wangu husita.

Askofu mweupe anatoka d3, anapita kwa mshazari na kumla askari wa h7, mlangoni kabisa pa mfalme aliyekwisha kujificha. Mfalme mweusi anamla papo hapo. Askofu mzima kwa askari mmoja!

Wengi humshangilia askofu huyo. Mimi namvulia kofia askari wa h4. Hatua ya tano Mweupe alimsogeza nyumba mbili ukingoni mwa ubao, ukadhani amekosa la kufanya. Hatua ya sita askari mwingine akapanda e5 na kumfukuza farasi mweusi kutoka f6, na h7 ikabaki haina mlinzi ila mfalme mwenyewe. Kafara ilikuwa imeshapikwa. Hatua ya saba ilikuwa kupakua tu.

Zamani kafara hii isingewezekana. Katika mchezo wa Waarabu, tuliorithi kwao jina la sataranji, kete ya askofu iliitwa fili, yaani ndovu, na iliruka nyumba mbili tu. Kutoka d3 ingeishia f5. Ulaya ndiko ilikopewa mbio hizi, mwishoni mwa karne ya 15.

Sasa tazama yule askari. Farasi mweupe anaruka g5, anamtishia mfalme. Askofu mweusi anamla. Askari wa h4 anamla askofu huyo, na kwa kuhama kwake njia yote ya h inakuwa wazi hadi kwa mfalme, ambaye anakimbilia g8. Malkia anatua h5. Mweusi anasukuma askari wake f5 ili mfalme apate upenyo wa f7, na askari wetu anapiga hatua moja tu, g6, anauziba. Ngome nyeusi inapisha f8, lakini kumekucha: malkia anaingia h8, ubavuni mwa mfalme.

Mfalme hawezi kumla. Nyuma ya malkia, kule h1, imesimama ngome nyeupe ambayo haijasogea hata nyumba moja tangu mchezo uanze.