Mbolezi za Gitaa: Kuutetea Muziki wa Metali Mbele ya Mama na Mbele ya Darasa

Utangulizi

Fulana yenyewe niliinunua mitumbani Tandika, asubuhi, robota limefunguliwa muda si mrefu. Ilikuwa nyeusi, ina fuvu kifuani, na juu ya fuvu kuna maandishi yaliyosokotana kama mizizi ya mkoko, hayasomeki. Niliipendea weusi wake tu. Kijana mmoja mwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu ndiye aliyenijulisha kwamba yale maandishi ni jina la bendi. Akanitilia nyimbo nne. Nilizisikiliza kwenye daladala ya kutoka Mtoni kwa Azizi Ali, nikapitiliza kituo.

Mama aliikuta fulana ile kwenye kamba ya kuanikia. Hakugomba. Aliichoma pamoja na takataka za uani, na aliponiona nimesimama mlangoni akasema, "Mwanangu, mimi sikuzaa shetani." Wiki hiyo hiyo, kwenye semina, nilipotaja kwamba nataka kuhakiki mashairi ya muziki wa metali, mwenzetu mmoja wa benchi la nyuma akauliza, "Hayo nayo ni fasihi?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao kwa aibu.

Ndugu msomaji, makala haya ni jibu langu kwa wote wawili. Swali la Mama linahusu maudhui: je, muziki huu ni ibada ya giza? Swali la darasa linahusu utanzu na umilikaji: je, ni sanaa ya kuhakikiwa, na je, inatuhusu sisi? Nakiri mapema kwamba mimi ni mshabiki. Lakini ushabiki usiotoa hoja ni kelele za mpirani tu, kwa hiyo nitajitahidi.

Fani: sauti iliyotoka kiwandani

Tuanze na chimbuko. Wahakiki wengi wa muziki wanaitaja albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Februari 1970, kuwa ndiyo mwanzo wa muziki huu. Vijana wanne hao walitoka Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17 pale mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, yaani vidole hivyo ndivyo vya kubonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Nyuzi zikawa zinamuumiza, hivyo akatumia nyembamba, na baadaye akazilegeza. Nyuzi zikilegezwa, sauti inashuka, inakuwa nzito.

Kwa hiyo uzito tunaousikia haukutoka kuzimu. Sehemu yake kubwa ilitokana na ajali kazini. Anayeishi karibu na viwanda vya Chang'ombe, akawaona vibarua wakitoka zamu ya usiku, hahitaji kutafsiriwa jambo hili.

Sasa utanzu. Kosa letu ni kuuita muziki huu wote "kelele" kana kwamba ni kitu kimoja. Tukitumia vipimo vyetu wenyewe vya fasihi simulizi, tunaona angalau tanzu mbili tunazozifahamu. Kuna nyimbo za mwendo wa haraka ambamo msanii anajitapa, anatishia, anajilinganisha na radi na chuma. Hayo ni majigambo, na hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyeyajua. Halafu kuna nyimbo za mwendo wa pole, gitaa linaburuzwa, ngoma inapigwa kama hatua za wachukua jeneza, na mwimbaji anaunguruma badala ya kuimba. Hizo mimi naziita mbolezi.

Neno hilo sikulitoa vitabuni. Usiku mmoja nilisahau kuchomeka spika za masikioni sawasawa, wimbo wa aina hiyo ukasikika chumba kizima. Mama alikuwa akipepeta mchele wa vitumbua. Nikangoja matusi. Akasikiliza kidogo, kisha akauliza, "Huyu mtu amefiwa na nani?" Mama hajui Kiingereza. Lakini aliusikia muundo wa kilio, akautambua, maana amekaa kwenye matanga mengi kuliko mimi. Sijapata kusoma uhakiki wa metali uliofika haraka hivyo kwenye kiini.

Maudhui: giza kabla ya metali

Wanaoupinga muziki huu wanataja mafuvu, makaburi, mizimu, kujiua. Ni kweli vimo. Lakini je, hivyo si vyetu pia? Tunasomeshwa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, na tunausifu. Humo mshairi anauchukua moyo wake kwa mkono na kuutembeza kwenye magofu ya Pate: majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya fahari sasa ni makao ya popo, na mabwana waliolalia vitanda vya nakshi wamelala na funza. Huo ni utisho wa makusudi, na lengo lake ni kumzindua aliye hai. Hakuna mhadhiri aliyewahi kusema Sayyid Abdallah aliabudu popo.

Chukua tena Kezilahabi. Katika Rosa Mistika (1971) mhusika mkuu anajiua. Katika Kichwamaji (1974) Kazimoto naye anajiua. Rosa Mistika ilizuiwa shuleni kwa muda, baadaye ikaingia kwenye mitaala, na leo tunaijibia mtihani. Tulijifunza, tena kwa shida, kwamba kulionyesha giza si kulihubiri. Iweje somo hilo tuliache kwenye mlango wa maktaba kila tunaposikia gitaa?

Hata hivyo mhakiki asiyeona dosari za mpenzi wake si mhakiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Norway, vijana wa tawi moja la muziki huu walichoma makanisa, na mwaka 1993 mmoja wao akamuua mwenzake wa kundi hilo hilo. Mama hakujua habari hizi, na nilipozisoma nilitamani asizijue kamwe. Lakini hoja haiwezi kusimama kwa kuficha ushahidi. Ninachosema ni hiki: kwa Sayyid Abdallah giza ni njia ya kufikia kitu kingine, kwa vijana wale giza lilikuwa ndiyo mwisho wa safari. Kipimo basi kisiwe fuvu kwenye fulana. Tuulize fuvu hilo linamwambia nini aliye hai. Kwa kipimo hicho nyimbo nyingi za metali zinafaulu, na nyingine, kusema kweli, zinafeli vibaya.

Je, ni chetu?

Tuje kwa darasa. Hoja ya kwamba hizi ni kasumba za kigeni ina historia ndefu hapa mjini. Januari 1969 Operesheni Vijana ilianza kuwaandama wavaa sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukatangazwa kuwa marufuku Dar es Salaam. Muziki wa soul ulikuwa wa Wamarekani weusi, na leo hakuna anayeona aibu kuupiga harusini. Marufuku ilipita, nyimbo zikabaki.

Tena roki hii ina kitovu chake kisiwani hapo ng'ambo. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamwita Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Bendi yake, Queen, ilitoa mwaka 1974 wimbo wa kasi uitwao Stone Cold Crazy. Metallica waliurudia, na urudiaji huo ukawapa tuzo ya Grammy ya metali mwaka 1991. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Zanzibar kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa na kikundi cha Uamsho, ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Mji Mkongwe. Mtoto aliyekataliwa sebuleni sasa anawaingizia watu kipato. Sisemi Freddie alikuwa mwanametali. Nasema ukuta kati ya "yao" na "yetu" una matundu mengi.

Kwa jirani zetu hakuna hata haja ya kuchungulia matundu. Nairobi imekuwa na bendi za metali kwa miaka. Mwaka 2020 Martin Kanja na Sam Karugu walitoa albamu ya Duma kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mswahili akisoma jina hilo anamwona mnyama mwenye mbio, lakini wenyewe wamelichukua katika Kigikuyu kwa maana ya giza. Kanja, ajiitaye Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024, akaitunuku kwa bibi yake wa ukoo, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa Fildi Masho wa Mau Mau na aliyefariki mwaka 2023. Hapo ngurumo imepata jina la marehemu wake. Ukiniuliza kama Mama alivyouliza, huyu amefiwa na nani, naweza kujibu.

Na lebo hiyo hiyo ya Kampala ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, singeli kutoka studio ya Mburahati. Singeli ina mapigo 200 kwa dakika na zaidi, inakimbia kama metali ya kasi kabisa, ila gitaa hakuna. Masikio yaliyozoea kigodoro cha uswahilini hayana sababu ya kuiogopa kasi hiyo.

Upungufu

Lipo pengo moja, nalo linaniuma. Bendi nyingi za metali za Afrika Mashariki huimba Kiingereza. Singeli inatukana, inachekesha na inalia kwa Kiswahili cha mtaani, lakini metali yetu bado inaazima mdomo. Lugha yenye Al-Inkishafi imekosa nini hata ishindwe kubeba gitaa zito? Mizani ipo, vina vipo, msamiati wa makaburi tunao wa kutosha. Nimejaribu mwenyewe kuandika beti sita za tarbia kwa ajili ya mwendo wa pole. Ni mbaya. Mwalimu aliyezisoma alisema vina ni sahihi na huzuni haipo. Nadhani alisema kweli.

Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kumgeuza mtu awe mshabiki. Yamejaribu kuonyesha kwamba giza la metali linaweza kuhakikiwa kwa vipimo vile vile tunavyopimia tenzi na riwaya zetu, na kwamba lisipopimwa, litaendelea kuhukumiwa kwa fulana.

Fulana nyingine sijanunua. Hiyo ni heshima yangu kwa Mama, si kukubali hoja yake, na yeye analijua hilo. Nyimbo nazisikiliza kwa sauti ndogo. Kwa mwenzangu wa benchi la nyuma, kurasa hizi ziko wazi: andika jibu, tulisome.