Enteromius: ukoo hausomwi kwa upande wa mama pekee

Olenguruone iko kwenye nyanda za Mau, eneo ambalo maji hugawana njia. Nyangores na Amala huungana kuwa Mto Mara unaoishia Ziwa Victoria. Mto Njoro huteremka hadi Ziwa Nakuru, na Mto Molo huelekea Ziwa Baringo. Samaki wadogo waliotenganishwa na miinuko ya namna hii wanaweza kufanana kwa macho ilhali koo zao ziliachana zamani. Hapo ndipo ugumu wa kuipanga Enteromius, jenasi ya samaki wadogo wa Afrika, ulipo.

Kwa miaka mingi samaki hao waliwekwa katika jenasi Barbus, pamoja na wa Ulaya. Wataalamu walihesabu sharubu na magamba, wakatazama kama mwiba wa pezi la mgongoni una meno au ni laini. Kromosomu zilionyesha tofauti kubwa zaidi: wadogo wa Afrika wana takriban 50, Barbus wa Ulaya 100, na Labeobarbus, wale wakubwa wa Afrika, karibu 150. Mwaka 2015 Lei Yang na wenzake waliwafufulia hao wadogo jina Enteromius, lililobuniwa na Cope mwaka 1867. Ray Schmidt na Henry Bart walipinga: mti wa ukoo uliotegemewa ulikuwa bado dhaifu.

Mwaka 2017 wawili hao, pamoja na Wanja Dorothy Nyingi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walitoa uchunguzi wa samaki wa Kenya. Walichukua sampuli kutoka makundi mbalimbali ya spishi nyingi, kisha wakasoma jeni tatu. Sitokromu b hutoka kwenye mitokondria, ambayo samaki hurithi kwa mama. Sehemu ya jeni ya homoni ya ukuaji na RAG1 hutoka kwenye kiini cha seli, penye urithi wa wazazi wote wawili.

Ushahidi haukulingana. Mitokondria za spishi moja zilikutwa ndani ya samaki wa nyingine, alama ya kuzaana kwa spishi tofauti. Jeni ya homoni ndiyo iliyowatambua samaki hao. Aidha, ndani ya spishi zilizodhaniwa kuenea Afrika Mashariki yote, kulikuwa na koo ambazo hazijatambuliwa.

Utaratibu huo ndio wa kufuatwa: sampuli za kila bonde, jeni za mama na za kiini, ndipo jina. Spishi "iliyoenea kote" ikithibitika kuwa kadhaa, kijito kimoja cha Mau kikiharibiwa kinaweza kuimaliza moja yazo, na hakuna mto mwingine utakaoirudisha.