Kukisoma Kisahani: Mwongozo kwa Anayeanza Gofu ya Visahani

Mgeni wa gofu ya visahani hutazama kisahani kilipotua, akapima umbali, akapiga makofi. Mzoefu hukisoma mapema zaidi. Hutazama kinavyotoka mkononi, halafu kinavyojiinamisha kasi inapokiishia. Karibu istilahi zote za mchezo huu zimo katika sekunde hizo chache, kwa hiyo usizikariri kama msamiati wa mtihani. Kila moja inataja kitu unachoweza kukiona kwa macho au kukigusa kwa kidole.

Mchezo wenyewe hauna fumbo. Badala ya mpira na fimbo kuna kisahani cha plastiki, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma kwenye nguzo, juu yake minyororo inayokinasa kisahani na kukiangusha ndani. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 huko Oak Grove, La Cañada Flintridge, California. Aliyeusanifu ni Ed Headrick, mtu yuleyule aliyeiboresha Frisbee, kisahani cha kuchezea, alipokuwa katika kampuni ya Wham-O, na kikapu cha minyororo pia ni kazi yake. Alipofariki mwaka 2002, sehemu ya majivu yake ilichanganywa katika plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe.

Frisbee, hata hivyo, ina ukingo mnene wa duara unaoburuta hewa. Mwaka 1983 Dave Dunipace wa kampuni ya Innova alitoa kisahani kilichoitwa Eagle, chenye ukingo uliochongoka. Kilikata hewa badala ya kuisukuma, na tangu siku hizo kisahani cha gofu na kile cha kuchezea ufukweni ni vitu viwili tofauti.

Ukingo ndio unaogawa visahani katika koo tatu. Visahani vya kikapu vina ukingo butu na mwembamba. Huenda taratibu, hunyooka, husimama karibu na vilipoelekezwa. Visahani vya kati vimechongoka kidogo. Visahani vya masafa vina ukingo mpana na mkali, na vinadai mkono wenye kasi. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, kinaruhusu ukingo usiozidi sentimita 2.6 kwa upana, na uzito usiozidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo.

Juu ya visahani vingi utakuta namba nne. Ya kwanza ni mwendo: kasi ambayo kisahani kinahitaji ili kiruke kama kilivyokusudiwa. Ya pili ni kuelea, yaani uwezo wa kubaki hewani. Ya tatu ni kugeuka, na ya nne ni kukata. Hizi mbili za mwisho ndizo zenye utamu, na nitazikalia.

Chukua mtu wa mkono wa kulia anayerusha bekihendi, yaani mgongo wa mkono ukitangulia. Kisahani chake kinazunguka kama mshale wa saa. Kikiwa na kasi kubwa, hewa hukiinua zaidi upande wa nyuma, pua ikataka kushuka. Lakini kwa sababu kinazunguka, msukumo huo hautokei pale ulipopigwa. Unahamia robo ya mzunguko mbele, na kisahani kinalala kulia. Huko ndiko kugeuka. Kasi ikipungua, hewa huanza kuinua upande wa mbele, na kwa njia ileile kisahani kinalala kushoto. Huko ndiko kukata. Anayerusha bekihendi kwa mkono wa kushoto, au fohendi (kiganja kikitangulia) kwa mkono wa kulia, ataona haya yote yamebadilishana pande.

Kisahani kinachogoma kugeuka lakini kinachokata kwa nguvu nitakiita kikaidi. Kinachogeuka kwa urahisi nitakiita kitiifu. Destroyer ya Innova imeandikwa 12, 5, -1, 3: mwendo mkubwa, kugeuka kidogo, kukata sana. Leopard imeandikwa 6, 5, -2, 1, nayo ni tiifu. Aviar, ya kikapu, ni 2, 3, 0, 1. Anayeanza huona 12 akadhani ndiyo daraja la juu. Mkono usio na kasi ukirusha Destroyer hauioni ikigeuka hata kidogo. Inakata kushoto tangu mapema na kuanguka, na mrushaji anabaki kuulaumu mkono ilhali alichokosea ni kuchagua.

Tena namba hizo huandikwa na watengenezaji wenyewe. PDGA hupima vipimo vya kisahani, haipimi namna kinavyoruka. Kwa hiyo jifunze kupima kwa vidole. Pitisha kidole gumba ukingoni utafute mshono, ule mstari ambapo sehemu mbili za kalibu hukutana. Weka visahani viwili vya aina moja mezani, macho yako yawe sawa na meza: chenye mshono ulioinuka zaidi mara nyingi ndicho kikaidi. Angalia na mgongo. Ulioinuka huongeza kuelea, ulio bapa hukishusha upesi. Mshono wenye vinyuzi vya plastiki vinavyokwaruza unachelewesha kidole wakati wa kuachia, na mimi sikichukui kisahani cha namna hiyo hata kikiuzwa nusu bei.

Plastiki ya bei nafuu hushikika vizuri lakini huumia kila inapogonga mti, na kadiri ukingo unavyochakaa kisahani kinazidi kuwa kitiifu. Usiione hiyo kuwa hasara tupu. Wachezaji wa zamani walipenda kubeba Roc kadhaa, kisahani cha kati cha Innova, za umri tofauti: mpya kwa upepo wa mbele, ya makamo kwa njia iliyonyooka, iliyochakaa kwa kona ya kulia. Kalibu ni moja, mkono unazijua zote, lakini kila moja ina mruko wake. Hicho ndicho kipimo cha juu cha ujuzi wa visahani ninachokifahamu.

Sasa mrusho wenyewe. Kwanza tazama kama kisahani kinatetemeka. Pia ya mtoto ikipigwa vibaya huyumba kabla haijatulia, na kisahani kilichoachiwa mkono ukiwa umepinda hufanya vivyo hivyo, kikipoteza kasi kwa kila tetemeko. Halafu tazama pua. Ikielekea juu, kisahani kitapanda, kitasita, kisha kitadondoka kikirudi nyuma. Kosa hili ndilo linalowanyima wengi masafa kuliko udhaifu wa misuli.

Baada ya hapo, mlalo. Ukingo ulio mbali na mwili ukiinama chini, huo ni mrusho wa haiza; ukiinuka juu, ni anihaiza. Mrusho ninaoupenda kuliko yote ni wa kisahani kitiifu kilichoachiwa kwa haiza na kwa nguvu. Hujinyanyua chenyewe, kikawa bapa, kikaenda moja kwa moja kwa muda mrefu kuliko jicho linavyotarajia. Upepo wa mbele huvuruga hesabu hii kwa kuongeza kugeuka, na hapo ndipo kisahani kikaidi kinapostahili nafasi yake mfukoni.

Umbali una heshima yake. David Wiggins Jr. alirusha mita 338 katika jangwa la Nevada mwaka 2016, akisaidiwa na upepo. Lakini mrusho unaokumbukwa zaidi ni wa James Conrad, mashindano ya dunia ya 2021 huko Ogden, Utah. Kwenye njia ya mwisho, akiwa takriban mita 75 kutoka kikapuni, ilimlazimu kuingiza ili amfikie Paul McBeth aliyekuwa akiongoza. Alitumia kisahani cha kikapu, kikaingia, na akashinda kwenye njia ya nyongeza.

Karibu na kikapu kuna duara la mita 10. Ukiwa ndani yake, baada ya kurusha lazima utulie kwa mizani kabla ya kusonga mbele. Hapo hukumu ni ya minyororo: lenga katikati, kwa maana kinachogonga pembeni hutemwa mara kwa mara.

Kwa mfuko wa kwanza, nunua kisahani kimoja cha kikapu na viwili vya kati vya kalibu moja. Chagua vyepesi, gramu 150 hadi 165, na usiguse mwendo uliozidi 7 mpaka uone kisahani chako cha kati kikigeuka kulia kisha kikirudi kushoto katika mrusho mmoja.