Hoteli Iliyofungwa na Machozi ya Kalamu Zetu

Mwaka huu nimesoma hadithi fupi nne za vijana wenzangu wa huku kwetu: wawili wa Kahama, mmoja wa Geita na mmoja wa hapa hapa Kakola, kando ya mgodi wa Bulyanhulu. Hawakuambizana, lakini hadithi zote nne zina hoteli iliyofungwa. Sisemi hoteli ya kulala wageni. Nasema hoteli kama tunavyoisema mtaani, pale unapoingia ukala ugali wako, ukanawa mikono ukatoka. Na zote zinaanza namna moja: mlango una kufuli lenye kutu, buibui kajenga dirishani, maandishi ya kibao yamefutika, na mhusika mkuu amesimama nje machozi yanamlengalenga. Nikajiuliza, jamani, sisi vijana tunaliliaje namna hii kama wazee?

Sisemi kwamba hadithi hizo ni mbovu. Kwa upande wa fani, mbili zimenifurahisha kweli. Yule wa Geita anajua kupika kwa maneno. Ukisoma supu yake ya kongoro ya alfajiri unatafuta ndimu ilipo. Mmoja wa Kahama ameeleza michembe iliyochemshwa ikapakwa karanga mpaka nikamkumbuka bibi yangu. Tatizo liko kwenye maudhui. Ukimaliza kusoma huwezi kujibu maswali madogo tu. Nani alikuwa akipika? Aliamka saa ngapi? Sahani ilikuwa shilingi ngapi? Na kwa nini hoteli ilifungwa? Wa kwanza anasema "siku zilibadilika". Wa pili anasema hoteli ilipatwa na mkosi. Wa tatu kamsingizia mchawi. Wa nne hakusema lolote, yeye alilia tu.

Nawasema kwa sababu na mimi nimo. Sura ya kwanza ya riwaya ninayoiandika ilikuwa ni hoteli kama hizo. Nilimaliza kidato cha nne 2016, na mwaka uliofuata nikawa kibarua kwa mkandarasi mmoja. Tulikuwa tunakula kwa mama mmoja hapa Kakola ambaye sote tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Alikuwa na meza za plastiki nane na mabenchi mawili ya mbao. Waliotoka zamu ya usiku walikuwa wakimkuta amekwisha kuamka, chapati ziko kwenye hotpoti na supu inachemka. Mchana palikuwa hapapitiki. Usipowahi sato, unaambulia maharage. Watu walikuwa wanakula wamesimama, sahani mkononi, na hakuna aliyelalamika.

Basi nikaiandika yote hiyo, nikaipamba. Niliweka mvua, nikaweka redio inayoimba kwa mbali, nikaweka kufuli lenye kutu. Nilipoona imeiva nikaenda kumsomea mwenyewe nyumbani kwake, ambako siku hizi anauza vitumbua asubuhi.

"Shikamoo Mayu."

"Marahaba mwanangu. Soma basi, mafuta yasije yakaungua."

Nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho huku anageuza vitumbua. Nilikuwa nangoja anisifu. Akaniuliza:

"Mbona kwenye hadithi yako watu wanakula tu, hakuna anayelipa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na kaunta buku lililochakaa jalada, akalifungua katikati. Majina yalijaa kurasa mbili mbili, wengine kwa majina yao, wengine kwa lakabu, na mbele ya kila jina tarehe na kiasi. La kwangu lilikuwepo. Elfu arobaini na moja na mia tano. Mkandarasi alitucheleweshea mshahara miezi miwili, tukawa tunakula kwa mkopo, na mwanzoni mwa 2018 nikapanda gari kwenda Geita bila kuaga. Hoteli niliyoililia kurasa kumi na mbili, na mimi ni mmoja wa walioifunga.

Ndugu msomaji, huo ndio uhakiki mkali kuliko wote niliowahi kupata, na umetoka kwa mtu ambaye hajasoma kitabu chochote cha fani na maudhui. Tangu siku hiyo kila nikisoma hadithi ya hoteli iliyofungwa namtafuta mlipaji.

Tuje sasa kwenye sababu, maana hapa ndipo hadithi zetu zinapokimbia. Sababu haikuwa mchawi. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yakazuiwa Dar es Salaam. Bulyanhulu ilikuwa ikipata sehemu kubwa ya mapato yake katika makinikia hayo. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ya Acacia ikapunguza shughuli za mgodi, na watu wengi wakakosa kazi. Ubishi kuhusu nani alikuwa na haki, serikali au kampuni, umeandikwa sana na sina haja ya kuurudia. Mimi nafuata njia nyingine, ile inayotoka kwenye geti la mgodi mpaka kwenye sufuria. Kibarua akikosa mshahara, Mayu anaandika kwenye daftari. Mayu naye mchele alikuwa anauchukua kwa mali kauli kutoka Kahama, kwa hiyo na yeye jina lake liko kwenye daftari la mtu mwingine. Mwenye nyumba anataka kodi, muuza mkaa anataka chake. Watu wakianza kuhama usiku usiku, mnyororo unakatikia kwa yule mwenye sufuria.

Na kuna jambo ambalo sijaliona katika hadithi hata moja. Mgodi ulirudi. Barrick iliinunua Acacia moja kwa moja Septemba 2019, ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo serikali ina asilimia 16, na Desemba 2020 uchimbaji wa chini ya ardhi ukaanza tena Bulyanhulu. Magari yakarudi, wapangaji wakarudi, hoteli mpya zikafunguliwa. Ya Mayu haikurudi. Mgodi ukilala miaka mitatu dhahabu inabaki palepale chini, inangoja. Mtaji wa mama wa hoteli haungoji; ukiliwa umeliwa. Hapo pana riwaya nzima, na sisi tumekazana na buibui.

Mwenzangu mmoja nilipomweleza haya alinijibu kwamba hadithi siyo daftari la duka, na kwamba msomaji anataka hisia, hataki hesabu. Ana sehemu ya ukweli, hadithi ikiwa hesabu tupu itachosha. Lakini chukua Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979. Ni riwaya ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao. Mwandishi angeweza kutuchorea bahari na majahazi basi, tukaridhika. Yeye akaweka kazi na ujira katikati, ndiyo maana mgomo unapofika msomaji anajua umetoka wapi, na anaumia. Hisia zinapata nguvu pale unapojua nani anamdai nani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaochipukia kama mimi ni dogo. Kabla hujaandika kufuli, nenda kamtafute aliyekuwa na funguo, maana wengi wao wako hai, wanauza vitumbua mtaa wa pili. Muulize alianza na shilingi ngapi, alimkopesha nani, siku ya mwisho alipika nini na nani alikila. Muulize pia vyombo vilikwenda wapi. Mayu aliniambia meza zake sita ziliuzwa kulipia mchele, na mbili anazo bado, moja ndiyo anayopangia vitumbua. Nimepita pale miaka yote hiyo, sikuwahi kuitambua.

Sura yangu ya kwanza nimeichana, naiandika upya, na safari hii inaanza na kaunta buku. Deni nimelipa elfu ishirini. Mayu aliandika tarehe, akakata mstari chini ya kiasi kilichobaki, akanifungia vitumbua vinne kwenye gazeti. Nilipotaka kushukuru akasema hivyo vya leo navyo ni mia nane, nilipe nikirudi.