Saa Ngapi Seva Ilivamiwa?

Juzi nilikuwa Kwa Mrombo, mbuzi bado yuko jikoni, kijana wa meza ya jirani akatupitishia simu tuone maajabu. Ilikuwa video ya siku ya kufunga mafunzo ya likizo ya usalama wa mtandao. Ukumbi umejaa wanachuo wenye fulana za rangi moja, mkufunzi kajifunika kofia ya sweta mpaka machoni (kwa baridi ya Arusha ya Julai, hilo namsamehe), anaandika mistari mitatu, seva "inadukuliwa", makofi na vigelegele. Meza nzima ikasifu. "Hawa ndio vijana tunaowataka," akasema mzee mmoja ambaye namheshimu sana, ndiyo maana sikumjibu palepale.

Nilichokiona mimi ni programu ya FTP, vsftpd 2.3.4, ndani ya Metasploitable, basi. Mlango wa nyuma uliopachikwa mwaka 2011: jina la mtumiaji likiishia na nukta mbili na bano la kufunga, poti 6200 inafunguka yenyewe. Mashine hiyo imetengenezwa ili ivunjwe. Asubuhi ya siku ya kwanza ni zoezi zuri, linaondoa woga. Kulionyesha siku ya kufunga, mbele ya wazazi na mgeni rasmi, ni sawa na kumsifu mchoma nyama kwa kuwasha mkaa.

Mengine ya kuangalia kwenye mafunzo kama haya nayapitia haraka. Darasa la watu zaidi ya ishirini ni mkutano, hata kama kila mmoja ana laptopu. Sihitaji utafiti kuniambia hivyo. Kabla Nmap haijagusa kitu, pawe na karatasi ya ruhusa yenye sahihi, inayotaja anwani zipi zitaguswa, siku zipi, na nani apigiwe simu mambo yakiharibika. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mkufunzi anayewaachia watoto wa watu wachokonoe Wi-Fi ya hoteli ya jirani "kwa mazoezi" hafai hata kufundisha Excel. Nusu ya muda iwe ya kulinda. Anayejua kuvunja tu, mimi simwiti fundi.

Lakini hayo hata mzazi anayelipa ada anaweza kuyauliza. Mimi naomba daftari la mwanafunzi, naangalia safu ya kushoto kabisa, ile ya muda. Wapenzi wa video hawaiangalii kamwe.

Wanaokuja kwangu fildi nawapa kisa kimoja. Seva ya ofisi, iliyokodiwa Ulaya na inayoandika logi zake kwa UTC, inaonyesha mtu aliingia kwa SSH Jumanne saa 22:31. Kompyuta ya mhasibu, iliyosetiwa saa zetu, inaonyesha imewashwa Jumatano 01:29. Mlinzi anasema aliona taa ya ofisini "saa saba na nusu, usiku wa kuamkia Jumatano." Haya, andika mfuatano wa matukio.

Wengi wanaandika matukio matatu ya siku mbili. Mmoja aliandika kwamba mlinzi aliona taa saa 7:30, akaiweka mwisho kabisa, mchana wa Jumatano, halafu akapendekeza mlinzi ahojiwe kwa kutoa maelezo ya kutatanisha. Mlinzi wa watu! Wakati yeye ndiye pekee aliyetaja usiku kwa namna isiyoacha utata. Ongeza saa tatu kwenye UTC unapata 01:31 ya Jumatano, ambayo kwa saa za mlinzi ni saa saba na dakika thelathini na moja za usiku. Ni tukio moja: mtu kawasha taa, kawasha kompyuta, kaingia kwenye seva dakika mbili baadaye. Sasa unamtafuta mwenye ufunguo wa ofisi, humtafuti tena mdukuzi wa Urusi.

Kijana aliyefundishwa vizuri haanzi kusoma logi kabla hajauliza: hii saa ni ya nani? Logi za Apache za wanaotembelea tovuti (access log) zinamsaidia, zinaandika ukanda, mfano +0300, mwishoni mwa muda. Auth.log za mtindo wa zamani hazitaji ukanda, na hata mwaka hazitaji. Event Viewer ya Windows inakubadilishia muda kwa saa za kompyuta unayotumia kutazama, bila kukuuliza.

Nilifanya kazi chini ya mzee mmoja aliyeanzia kwenye simu za mezani. Jioni alikuwa anapita kwenye kompyuta za mazoezi, anachomoa waya wa umeme na ile betri ya shilingi ya kwenye ubao, anazima na NTP inayosawazisha saa kupitia mtandao. Asubuhi mashine zinaamka zikidhani ni miaka mingi nyuma. Aliyeanza kuchambua bila kuandika "date" kwanza alitumwa chai ya watu wote. Hakuwahi kueleza sababu. Nimeona wakufunzi wenye vyeti ukuta mzima wasioweza kufundisha kitu hicho kwa wiki sita.

Hata kesi maarufu zinaonyesha thamani ya muda. Clifford Stoll alikuwa mwanaastronomia aliyepewa kazi ya kutunza kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley. Mwaka 1986 aliambiwa afuatilie tofauti ya senti 75 kwenye hesabu za malipo ya muda wa kompyuta. Akaandika kila kitu kwenye daftari, akapima hata sekunde ambazo data zilichukua kwenda na kurudi ili akisie umbali wa mvamizi. Mwisho wake ulikuwa Markus Hess, huko Hannover, Ujerumani. Na walioiibia Benki Kuu ya Bangladesh dola milioni 81, Februari 2016, walijua kalenda kuliko walinzi wa benki: walianza Alhamisi usiku, Dhaka ikaingia mapumziko ya Ijumaa, New York nayo ikafunga wikiendi, na Jumatatu Ufilipino, fedha zilikoelekea, ilikuwa sikukuu.

Matapeli wa mafunzo nao wanajulikana kwenye safu hiyohiyo ya muda. Niliwahi kuletewa ripoti ya "shambulio" la darasani ambapo kila tukio limeangukia 10:00, 10:15, 10:30. Mvamizi gani huyo anayefuata kengele ya shule? Ripoti nyingine ilijulikana hata bila safu hiyo: ilikuwa karatasi za Nessus, programu ya kutafuta udhaifu, zilizobadilishwa nembo, anwani za mteja wa zamani zikiwa bado humo ndani.

Wakubwa wenzangu watakumbuka kafe za intaneti za mjini, karibu na Mnara wa Saa, enzi za Windows XP. Hakukuwa na fulana. Kulikuwa na kijana kaunta mwenye daftari la mistari: mashine namba nne, ameingia, ametoka, analipa. Flash ya mtalii ikileta kirusi, anarudi kwenye daftari na ndani ya dakika tano anajua nani alikaa pale. Wale walikuwa wachambuzi, ila hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo ukialikwa siku ya kufunga, subiri wageni wasogee kwenye keki, halafu omba daftari. Usiombe la yule bora, hilo limeshaandaliwa. Omba la kijana aliyekaa safu ya katikati. Ukikuta muda una sekunde, ukanda umetajwa, na mahali fulani pamekatwa mstari mmoja, pakaandikwa pembeni "saa ya mashine ilichelewa dakika 11, nimerekebisha", mlipie mdogo wako ada ya mwakani.