Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab: Nani Mtunzi Bora, na kwa Ushahidi Gani?

Ubishi kuhusu nani alikuwa mtunzi bora kati ya Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab haukuzaliwa vyuoni. Ni ubishi wa barazani na wa kwa vinyozi, na huko una kanuni zake: mwenye sauti kubwa hushinda. Unapoingia darasani hubadilika sura. Kila upande hutakiwa kuleta ushahidi, na ushahidi unaoletwa karibu kila mara ni karatasi yenye maneno yaliyonukuliwa kutoka katika kanda. Makala haya yanadai kwamba karatasi hiyo hulihukumu shauri kabla halijasikilizwa, na kwamba hukumu yake humpendelea Marijani kwa sababu ambazo hazihusiani na ubora wa utunzi wake, ingawa ubora huo upo.

Ushindani wa wawili wawili ni wa zamani katika sanaa za maonyesho za Afrika Mashariki. Ranger (1975) alikwisha kuonyesha jinsi ngoma ya beni ilivyoishi kwa kugawa mji pande mbili. Morogoro ya Mbaraka ilikuwa hivyo pia: Morogoro Jazz upande mmoja, na upande wa pili Cuban Marimba, ambayo baada ya kifo cha Salum Abdallah mwaka 1965 iliongozwa na Juma Kilaza. Mpinzani halisi wa Mbaraka, basi, alikuwa Kilaza. Marijani hakuwa mpinzani wake kwa maana hiyo. Mbaraka alizaliwa 1944, Marijani 1955. Mwaka 1973, Mbaraka alipoiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, Marijani alikuwa bado kijana wa Dar es Salaam anayejijengea jina. Sifa zake zilikomaa akiwa na Safari Trippers na kisha Dar International. Januari 1979 Mbaraka akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Wanaowapambanisha ni wasikilizaji, na hiyo ni heri kwa mhakiki: hakuna ugomvi wa ukumbini wa kuamua, zipo tungo tu.

Tuanze na zile za Marijani, kwa kuwa ndizo zinazosomeka kwa urahisi. "Georgina", "Zuwena", "Mwanameka": jina la mtu linabeba wimbo mzima. Hata pale ambapo anwani ni ndefu zaidi, kama katika "Rosa Nenda Shule", anwani yenyewe ni sentensi ya amri yenye mnenewa anayejulikana. Mtindo huu una nguvu kubwa ya kifani. Nafsineni ina mtu mbele yake, kwa hiyo kila kauli ina kazi: kubembeleza, kukanya, kulaumu, kukumbusha. Msikilizaji anawekwa katika nafasi ya jirani asikiaye mazungumzo kupitia dirishani, na jirani huyo hana haja ya kuelezwa kwa nini maneno yanasemwa. Marijani aliijua nafasi hiyo vizuri kuliko mtunzi mwingine yeyote wa dansi wa kizazi chake. Ukiandika maneno yake bila muziki, bado yanasimama kama barua.

Hapo ndipo penye tatizo la ushahidi. Barua ni utanzu wa maandishi. Ukiirudisha kwenye karatasi unairudisha kwao. Wimbo uliojengwa kwa namna nyingine hauna bahati hiyo. Mwanafunzi anayenukuu wimbo wa dansi hufika mahali akaandika "x2", kisha "x4", kisha "gitaa" ndani ya mabano, na kuanzia hapo ukurasa ni mweupe. Weupe huo husomwa kama upungufu wa mtunzi. Kumbe katika muundo wa kawaida wa dansi, ambamo sehemu ya taratibu ya beti hufuatwa na chemko, nusu ya pili ndiyo ambayo wimbo umekuwa ukiielekea tangu mwanzo. Teknolojia ya wakati ule iliukazia mgawanyo huu: santuri ya mizunguko 45 mara nyingi iliukata wimbo pande mbili, na msikilizaji alilazimika kuinuka kuigeuza. Mara nyingi upande wa pili haukuwa na maneno mengi mapya. Hakuna aliyedai arudishiwe fedha.

Nasema haya nikiwa pia mmoja wa wakosaji, maana nimetumia "x2" kwa miaka mingi bila aibu.

Kwa Mbaraka kosa hili ni kubwa zaidi kuliko kwa wengine, kwa sababu alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpigaji wa gitaa la solo kwa wakati mmoja. Marijani alijulikana kwanza kwa sauti yake. Magitaa yaliyomjibu yalikuwa mikononi mwa wenzake, na hatuna budi kuugawa utunzi wa sehemu hizo kati yake na bendi. Kwa Mbaraka anayeuliza na anayejibu ni mtu yuleyule. Sauti inapoishia katikati ya wazo na gitaa likalimalizia, huo ni uamuzi wa mtunzi mmoja kuhusu wapi neno lifike na wapi lisifike. Kuuacha uamuzi huo nje ya uhakiki ni sawa na kumhakiki mtenzi kwa kuifuta mishororo yake ya mwisho.

"Shida" ni mfano ulio wazi. Wimbo haufunguki kwa jina la mtu wala kwa kilio cha nafsineni. Unafunguka kwa taswira ya mtu wa makamo anayetokwa na machozi hadharani, na msikilizaji anatakiwa aelewe kwamba lipo lililomsibu. Mjengo ni wa sharti, wa nafsi ya tatu, wa watu wote: ni mjengo wa methali. Kabla hatujajua nani analia, tumekwisha kufundishwa namna ya kumtazama, yaani kwa kumsitiri kabla ya kumhukumu. Anwani nayo ni nomino moja ya kawaida isiyo na mwenyewe. Mbaraka aliipenda njia hii ya kuanzia kwenye hazina ya wote. "Jogoo la Shamba" imekopa nusu ya methali na kumwachia msikilizaji nusu ya pili. Kutunga hivyo ni vigumu kuliko kunavyoonekana. Mtunzi wa barua ana mnenewa wa kumsaidia. Mtunzi wa kauli ya jumla hana mtu, na akiteleza kidogo tu anakuwa mhubiri.

Si kwamba hakuteleza. "Dk. Kleruu", ombolezo la mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971, lina thamani ya kihistoria ambayo hakuna anayeweza kuikana, na linaonyesha jinsi bendi ya dansi ilivyoweza kuchukua kazi ya tanzia. Lakini ni wimbo uliofungwa na tukio lake. Nafsineni inazungumza kwa niaba ya taifa, na taifa ni mzungumzaji mzito. "Expo 70", wimbo wa safari ya Japani, nao ni kumbukumbu zaidi kuliko utungo. Mbaraka hajambo pale anapoachana na mialiko ya serikali.

Hoja ya vina na mizani haitusaidii kuamua. Kwa kipimo cha Amri Abedi (1954) tungo za wote wawili ni guni. Inachekesha kidogo kwamba muongo uleule ambao wataalamu walikuwa wakirushiana maneno kuhusu *Kichomi* (1974), redio ilikuwa ikirusha tungo zisizohesabu mizani, na wapenzi wa dansi hawakuona fitina yoyote. Sababu ni nyepesi: sauti huweza kuivuta silabi moja ikatosha nafasi ya mbili. Mizani ya wimbo imo katika pigo, wala si katika idadi ya silabi zilizoandikwa.

Kinachoweza kuamua ni swali la mnenewa. Zuwena, Georgina na Mwanameka wanaitwa, wanabembelezwa, wanakanywa. Zamu ya kujibu hawapewi. Katika taarabu jibu lingekuja, pengine wiki hiyohiyo na kutoka kwa mwanamke. Katika dansi ya miaka ya 1970, yenye waimbaji karibu wote wanaume, mnenewa wa kike hubaki kimya, na ustadi wa Marijani wa kumfanya aonekane yupo mbele yetu unaufanya ukimya wake usikike zaidi. Wapo watakaosema kwamba "Rosa Nenda Shule" inamtetea mtoto wa kike. Inamtetea, ndiyo, lakini kwa kumwamuru. Mbaraka hakuwa mkombozi wa wanawake pia. "Pole Dada" inampa dada pole bila kumpa nafasi ya kusema. Hata hivyo, mjengo wa "Shida" hauhitaji mtu wa kunyamazishwa. Anayelia anaweza kuwa yeyote, mwanamume au mwanamke, na anayeambiwa atazame ni sisi.

Kwa sababu hiyo namweka Mbaraka mbele, kama mtunzi wa wimbo. Tukisema mtunzi wa maneno, nitamwachia Marijani kiti bila ubishi.

Upo ushahidi mmoja unaonisumbua. Bendi zinazopiga zilipendwa katika kumbi na hoteli huirudia "Zuwena" na mara nyingi hufanikiwa: mwimbaji wa kadiri akiyashika maneno, wimbo unafika. Zikirudia "Shida", maneno hufika, na ukumbi wote huitikia, kisha gitaa linaingia na watu wanageuka kumtazama mpigaji. Ikiwa wimbo bora ni ule unaoweza kuishi mikononi mwa mtu mwingine, basi nimempa ushindi mtu asiyestahili, na sina jibu la haraka isipokuwa kwamba wale wanaogeuka wanajua hasa ni nini walichokuwa wakikitarajia.